Gogo Tulilogawana Katika Eda

Kovu hili juu ya jicho langu la kushoto ni la mbuzi ya kukunia nazi. Aliyenipiga nayo ni mke mwenzangu, na yeye ukimtazama vizuri utaona ncha ya sikio lake la kulia imepungua. Hapo nilimng'ata mimi. Sisemi kwa kujuta wala kwa kujisifu, nasema ili ujue mapema tulikuwa watu wa namna gani, mimi bi mkubwa na yeye bi mdogo, nyumba moja hapa Bagamoyo, chumba chake upande wa uani, changu upande wa barabarani, na ukumbi katikati ambao tulipigania zaidi ya mara moja.

Mume wetu alikufa njia panda ya Msata. Alikuwa shambani kwake Kiwangwa, kwenye mikorosho, na siku ile zamu ilikuwa yangu. Mwenzangu akampigia simu: pitia Msata kwanza unichukulie gunia la mkaa, wa huko hauna moshi. Basi akaenda Msata badala ya kurudi nyumbani, lori likamfyeka na pikipiki yake. Mimi nasema bi mdogo ndiye aliyemuua. Yeye anasema aliyemuua ni mimi, kwa sababu marehemu alikuwa anakimbiza pikipiki ili magharibi isimkute njiani siku ya zamu yangu nikamfungulia mdomo. Na kweli ningemfungulia.

Habari ilipoletwa tulikuwa wote ukumbini, yeye anachambua mchele, mimi napiga pasi. Nikamwangalia, akaniangalia. Nikasema moyoni, nikianza kulia mimi, huyu atapata cha kufurahia. Naye, nilikuja kujua baadaye, alikuwa anasema hivyohivyo. Basi hakulia mtu. Matanga yote tulikaa kwenye mkeka mmoja macho makavu, na mama yake marehemu, mavyaa wetu, ambaye tulikuwa tunaishi naye, akawa anatutazama kama vitu vilivyooza. "Wake wawili," aliwaambia wageni tukiwa tunasikia, "na mwanangu hajapata hata chozi la kuazima."

Kisha ikaja eda. Mjane hukaa ndani ya nyumba aliyokuwa akiishi na mumewe, miezi minne na siku kumi, hatoki bila dharura, hajipambi, haonani na wanaume wa kando. Sasa sisi nyumba yetu ilikuwa moja. Mimi na mwanamke yule, mlango mmoja, choo kimoja, jiko moja. Loo! Hata askari jela angetuhurumia.

Kuni za kupikia matanga zililetwa na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kutoka Kiwangwa. Zilikuwa za mkorosho mmoja mzee ulioangushwa na upepo, ule aliokuwa akiupenda, wa karibu na kibanda chake. Mama mmoja wa upishi aliposukuma gogo moja motoni, upande wa pili wakaanza kutoka sungusungu. Sisemi wale walinzi wa mtaa, nasema wadudu: weusi, wakubwa kuliko sisimizi yeyote, wanaochimba mbao. Hawaili kama mchwa. Wanaitoboa wapate vyumba, na unga wake wanaumwaga nje.

Nilikuwa nimekaa mlango wa uani na nguo zangu za eda. Nikawaona wanatoka, kila mmoja na kitu cheupe mdomoni. Walikuwa wanatoa watoto. Moshi umewazunguka, lakini anayetoka na mtoto anamweka chini, anageuka, anarudi ndani kuchukua mwingine. Wengine walirudi wasitoke tena. Sikujua nimesimama. Nilijikuta nalivuta lile gogo kwa mikono mitupu mbele ya watu wote, viganja vinaungua, na sungusungu wanapanda mikononi wananing'ata bila shukrani. "Kapagawa," nikasikia mtu akisema. Huenda. Lakini lilikuwa gogo lake, na ndani yake kulikuwa na viumbe waliojua la kufanya msiba ukiingia.

Nililiweka chumbani kwangu, juu ya stuli, na miguu ya stuli nikaitumbukiza kwenye makopo ya maji yenye mafuta ya taa kidogo, vile tunavyofanya kwa kabati la chakula. Kwenye kabati unazuia wadudu wasipande. Hapa nilizuia wangu wasishuke. Nikawapa sukari iliyoloweshwa kwenye kifuniko cha soda, wakanywa wakiwa wamejipanga kama watu wa bombani. Halafu nikajua wanapenda nyama.

Mende walikuwa wengi chooni. Nilikuwa nawakamata kwa kikombe, nawakata bawa, nawaweka juu ya gogo wazima. Sungusungu wa kwanza kufika alikuwa anashika mguu na kung'ang'ania tu, anaburutwa huku na huku. Wa pili anashika mguu mwingine. Wakishafika wa kutosha wanamvuta pande zote mpaka anatanuka, kisha wale wenye vichwa vikubwa wanakuja taratibu, hawana haraka, wanaanza shingoni. Wanampulizia kitu kikali, chumba kizima kinanuka siki. Mende anatikisa papasi zake, zile nyuzi mbili za kichwani, wakati tumbo lake limeshaingizwa ndani ya gogo. Nilipenda. Naam, nilipenda sana. Kila mende nilimwona ana uso wa mke mwenzangu, nikilala usingizi unanijia.

Asubuhi moja nikamkuta bi mdogo chumbani kwangu na birika. Ameshamwaga. Maji ya moto yanachuruzika kwenye gogo, sungusungu wamejikunja makumi kwa makumi, na harufu ya siki ikapanda mpaka machozi yakanitoka, machozi ya harufu tu. Nilivua kandambili nikamchapa nayo usoni, akanirushia birika, likanikosa likapiga dirisha. Tulishikana nywele mpaka ukumbini. Mavyaa akatoka na mkongojo wake akatuchapa wote wawili bila kuchagua.

"Mnagombania nini tena? Mtu mwenyewe yuko ardhini!"

Nilitegemea bi mdogo aseme anaogopa wadudu. Akasema, anahema, damu puani: "Mama, kwa nini gogo liwe kwake peke yake? Mkorosho ule alinionyesha mimi. Tulikula korosho zake mwaka alionioa. Kwa nini yeye awe nalo, mimi nisiwe nalo?"

Kumbe mwenzangu alikuwa na wivu! Miaka yote nilidhani najua kila kitu anachokitaka.

Sasa umjue mavyaa. Mwanamke huyu alimlea mwanawe kwenye haki ya wake wawili kwa ukali wa ajabu. Sukari ikinunuliwa, inapimwa mbele yake kwa kikombe kilekile. Kanga za sikukuu, doti mbili za rangi moja. Samaki akiwa mmoja, kichwa leo kwangu, wiki ijayo kwake. Mwanawe hakuwahi kuingia na mkono mmoja umejaa na mwingine mtupu. Kwa hiyo alitusikiliza, akakaa kwenye kiti chake, akasema: "Lipasuliwe."

"Mama," nikamwambia, "hii si kanga. Humo mna nyumba ya wadudu. Ukiigawa unaiua."

"Mwanangu hakudhulumu mtu akiwa hai. Hawezi kudhulumu akiwa kaburini. Nusu kwako, nusu kwake."

Akaitwa mpasua kuni. Sisi tukachungulia dirishani, maana eda. Alisimamisha gogo, akaweka kabari, akainua shoka. Pigo la kwanza likatoa ufa. La pili, gogo likaachana pande mbili, na ndani yake kila kitu kikawa nje, vyumba, vijia, watoto weupe wanamwagika kama wali, na sungusungu wamechanganyikiwa wanang'ata shoka, wanang'ata kabari, wanang'atana wenyewe. Jamaa alitimua mbio uani anajipiga miguu. Nikajua nalia kwa ndani. Mavyaa akatoka na ufagio, akafagia wadudu waliomwagika, akawatenga mafungu mawili kwa macho kama anagawa dagaa, wengine gunia hili, wengine gunia lile, kila gunia na nusu yake ya gogo. Akahakikisha yako sawa.

Nusu yangu ilikuwa na upande bapa uliokatwa, vijia vyote viko wazi. Nikatoa kioo cha picha yetu ya harusi, nikakifunika hapo, nikakaza kwa mpira wa tairi la baiskeli. Sasa nikawaona ndani. Nilikaa hapo mchana kutwa, nimelala kifudifudi, natazama. Siku ya pili bi mdogo naye picha yake ya harusi ikakosa kioo. Yeye gogo lake aliliweka sakafuni chini ya kitanda, hakutaka hata kuniiga makopo.

Wangu walijenga upya. Walisafisha, wakaweka watoto kwenye vyumba vya juu, wakafukua vijia vipya. Lakini watoto walikua, wakawa wadudu kamili, na wengine wadogo hawakuja. Vyumba vya mayai vikabaki vitupu. Kila siku wangu wanatoa maiti wawili watatu kwenye ukingo wa gogo, wanawaacha hapo. Mtu yeyote wa pwani anajua kichuguu kina malkia, ukimtoa umekiua. Bi mdogo alipoingia kuoga nikaingia chumbani kwake, nikainama chini ya kitanda na tochi ya simu. Malkia alikuwa huko. Mkubwa kuliko wote, tumbo limejaa linang'aa, mayai yamemzunguka kama ushanga.

Mavyaa alikuwa amegawa kila kitu sawasawa isipokuwa hicho kimoja ambacho hakigawanyiki.

Niliomba. Mimi, bi mkubwa, nilimwomba bi mdogo. Nikamwambia turudishe nusu mbili pamoja, likae popote, hata chumbani kwake. Akacheka. "Ulitaka gogo la mume, umepata gogo la mume. Haki ni haki, dada." Nilitaka kumuua. Sitafuti neno lingine. Kwangu walikuwa wanakufa mmoja mmoja mbele ya macho yangu. Mume sikumwona anavyokufa, nililetewa habari tu. Hawa nilikuwa nawaona, na dawa yao iko hatua chache, chini ya kitanda cha adui yangu.

Nikaenda kumwiba. Nilikuwa na kijiko na kikombe cha kahawa. Nimeshafungua mpira, nimeshainua kioo, bi mdogo akanirukia mgongoni. Alinipiga mwiko kichwani mpaka ukavunjika. Nami nikamkanyaga mkono, nikasikia kidole kimelia. Mavyaa akatumwagia ndoo ya maji ya kuoshea vyombo, ile inayotumika kutenganisha mbwa. Tangu siku hiyo bi mdogo akafunga chumba chake kwa kufuli, ufunguo anauvaa shingoni. Hata akienda msalani, kufuli.

Masika ikaingia. Mvua ilinyesha siku nzima, ikakatika baada ya alasiri, na mavyaa akaita kutoka uani: "Siafu hao!"

Kwetu siafu hawapigwi. Wakija, watu hufurahi. Unafungua makabati, unakunja magodoro, unatoa kuku na kila kilichofungwa, kisha unatoka nje unawaachia nyumba. Watapita chumba kwa chumba, watakula mende, nge, kunguni, panya na vitoto vyake, nyoka kama yumo, na kabla ya isha wameshaondoka na nyumba ni safi. "Alhamdulillahi," mavyaa akasema, "tumepata wafagizi." Hiyo ni dharura, eda inaruhusu. Tukatoka wote watatu, tukaketi kwa jirani nyuma ya ua wa makuti, kila mjane amempa mwenzake mgongo.

Tulikuwa tumeshaletewa chai. Nikamwona bi mdogo ameshika shingo yake, ameshika ufunguo. Akajipiga mapaja. "Mtume! Gogo langu!"

Tulifungua kila kitu nyumbani isipokuwa chumba chake. Lakini siafu hawahitaji mlango. Na gogo lile liko sakafuni.

Akakimbia. Nikamfuata. Sikwenda kumsaidia yeye, nisikudanganye. Nilimfuata malkia.

Ukumbi ulikuwa unatembea. Sakafu yote nyeusi, kuta zimepigwa mistari, na sauti yao unaisikia, kama mvua nyembamba juu ya majani. Panya mmoja alikuwa anajaribu kuvuka, amevaa siafu mwili mzima, akaanguka. Tulikanyaga humohumo bila viatu. Walitupanda miguu, mapaja, mgongo, na siafu akishika haachi, utavuta kiwiliwili kichwa kibaki kwenye nyama. Bi mdogo akawa anahangaika na kufuli, kile kidole nilichomvunja hakikunji. "Siwezi," akasema. "Dada, siwezi!" Nikachukua kinu cha kutwangia vitunguu, nikapiga kufuli mara mbili, tumbuu iliyolishika ikang'oka mlangoni.

Sungusungu walikuwa wanapigana. Kila ufa wa gogo umezibwa na wale wenye vichwa vikubwa, wamesimama bega kwa bega, na kila siafu anayeingiza kichwa anakatwa. Chini ya gogo palikuwa na lundo la siafu waliokatika. Harufu ya siki ilitukaba. Lakini siafu walikuwa hawaishi. Walimshika mlinzi mmoja papasi, wakamvuta nje, watano huku watano kule, akapasuka. Aliyefuata akasogea kuziba nafasi yake, naye akavutwa. Chini ya kioo cha harusi niliona wameshaingia kutoka nyuma. Wanabeba mayai. Sungusungu wananyang'anya yai, wanauawa nalo mdomoni.

Bi mdogo alivunja kioo kwa ngumi. Akatia mkono mzima humo ndani, siafu kwa sungusungu, akachota, akafumba. Damu ikamtoka kati ya vidole. Nilimwona anavyong'atwa, nilimwona midomo inavyomcheza, hakufumbua. "Ninaye," akasema. "Kwako! Twende kwako!"

Chumba changu kiko mbele, siafu walikuwa ndio kwanza wanaanza kukifikia. Nikafunga mlango, nikaloweka kanga kwa mafuta ya taa nikaisokomeza chini yake. Kwenye makopo ya stuli walikuwa wanaelea siafu waliokufa, lakini hakuna aliyevuka. Nusu yangu ilikuwa salama, nzima, haina malkia. Nusu yake ilikuwa na malkia, imekwisha. Tuliangaliana. Hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Nikafungua kioo changu. Bi mdogo akauleta mkono wake juu ya gogo, akasita. "Watamjua?"

"Ni mama yao," nikasema. "Wataachaje kumjua?"

Akafungua vidole. Malkia akaanguka kwenye kijia, mguu mmoja hana, lakini anatembea. Wangu wakaja. Wa kwanza akamgusa kwa papasi, kichwani, tumboni. Akasimama. Nikamshika bi mdogo bega, nilidhani nimeshika kitanda. Wa pili akaja, akamgusa. Halafu wa tatu akafungua meno akamshika mguu, na akang'ang'ania tu.

"Hapana," nikasema. "Hapana, hapana, we!"

Walimfanya kama mende. Labda alinuka siafu, labda alinuka damu ya bi mdogo au mafuta ya taa, labda wameachana muda mrefu mno. Sijui, na hakuna aliyeweza kunieleza. Walimvuta pande zote mpaka akatanuka. Nikatia mkono kuwatoa, wakaning'ata, nilipomtoa mmoja wakaja watatu. Bi mdogo akawa anawapiga kwa kiganja chake kilichochanika, anawaambia: "Mama yenu, wajinga nyie, mama yenu huyo!" Wale wenye vichwa vikubwa wakaja taratibu. Wakaanza shingoni.

Bi mdogo akakaa chini. Ikamtoka sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Na mimi, wallahi, niliyekula kiapo kwamba hatanisikia nalia hata siku moja, nikaanguka hapohapo sakafuni nikalia mpaka nikatapika. Tulilia kwa sauti, miili imejaa siafu, kichwa changu kiko mapajani kwake au chake kwangu, sikumbuki.

Siafu walikuwa wameshapita mavyaa aliporudi. Tulisikia mkongojo ukumbini, kisha mlango ukasukumwa. Akasimama anatutazama, sisi na gogo, na vipande vya malkia vinavyotolewa ukingoni kama taka. Yeye ndiye aliyeamuru lipasuliwe. Nikangoja auone ukweli huo.

"Mnalia nini?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Bi mdogo akawahi. "Tunamlilia mwanao, mama."

Miaka yote niliyoishi na mwanamke yule hajawahi kusema neno nisimbishie. Nilifungua mdomo nikaufunga.

Mavyaa akauweka mkongojo chini. Akajishusha kidogo kidogo mpaka sakafuni, akakaa katikati yetu, machozi yanamchuruzika, akaanza kutuchambua siafu nywelini, mmoja kwangu, mmoja kwake.